Barua ya wazi kwa bosi, meneja na mwenye jiko: hivi mteja wenu ni wa nani?

Bosi, shikamoo. Meneja, habari za kazi. Na wewe fundi wa jiko, poa?

Naandika hapa kwa sababu nimeshajaribu kuongea na nyie mmoja mmoja zaidi ya mara tatu, na kila nikimpata mmoja ananisukumia kwa mwenzake, kwahiyo leo nimeamua niwakalishe wote meza moja mnisikilize kwa pamoja, na wateja wenzangu wa Sinza hapa Dar nao wasome, kama nadanganya waseme.

Jina la baa silitaji. Sina nia ya kumharibia mtu biashara, na wenyewe mtajijua tu kabla hamjamaliza kusoma.

Mi ni mteja wa tangu pale pakiwa na mabati machache na viti vya plastiki vya bluu, enzi hizo viroba vya pombe kali bado vinauzwa dukani pembeni yenu (vilipigwa marufuku mwezi wa tatu 2017, pigeni hesabu wenyewe). Wakati ule mlikuwa na jiko moja, kaunta moja na yule dada mrefu wa Singida ambaye hakuwahi kuniuliza nakunywa nini. Alikuwa anajua mi Safari ya moto, jirani yangu Kilimanjaro ya baridi ile inayotoa jasho, anakuja nazo mbili mkononi na kifungulio, anafungua mezani mbele ya macho yenu, kisoda anakiacha kwenye kisosi. Mkimaliza mnahesabu visoda, mnalipa, mnaagana. Miaka yote ile sikumbuki mtu kugombana na bili pale. Labda jamaa mmoja, na yule alikuwa anagombana na kila kitu hata na mwembe.

Halafu mkakua. Mkaweka vigae, mkaweka makochi, mkaweka taa za rangi na spika kubwa kama friji. Hongereni, kwa kweli nilifurahi, maana hela zetu ndo zimejenga pale. Ila kuna kitu kimoja mlikifanya kimyakimya na sisi tumekuja kukigundua kwa maumivu: mliigawa baa vipande vipande. Kaunta ni ya bosi. Jiko la mbuzi na kuku mmempangisha mtu. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni ya mtu mwingine. Chipsi za pale getini za mtu mwingine tena. Pakingi wameshika vijana ambao hakuna anayejua wamewekwa na nani. Hata DJ wa Ijumaa nasikia anajilipa mwenyewe kwa kiingilio.

Najua sio nyie tu. Baa nyingi hapa mjini ziko hivyo, mwenye eneo anakula kodi yake ya jiko kila siku jioni, hana kichwa cha kuuma kuhusu bei ya mkaa wala mpishi kukacha, na biashara yake kubwa inabaki bia. Kibiashara nakuelewa bosi wangu. Lakini mimi nikikaa kwenye kiti sioni mipaka yenu. Naona baa moja, jina moja getini, nimekuja kula na kunywa. Mkishagawana kaunta, jiko na gogo la kukatia nyama, na mimi je, nimeangukia kwa nani?

Sasa niwaeleze ile Jumamosi.

Mdogo wangu kamaliza chuo Mlimani mwaka jana, mwezi wa kumi na moja kavaa joho. Mama mkwe akapanda basi kutoka Tanga kuja kumpongeza, kasindikizwa na shemeji yangu. Hapa naomba mnielewe vizuri. Mama huyu ni mwislamu wa kuswali swala zote tano, mimi ni Mchaga wa Kibosho, ndoa yangu na binti yake tulifunga bomani, na ilimchukua miaka miwili kunikubali. Miwili. Leo ananiita mwanangu. Kwahiyo mimi kumtoa out mama huyu sio jambo la kukurupuka.

Nikampigia meneja Jumatano. Nikamwelezea yote, nikamwambia tuko tisa, nina mama mtu mzima, hakai na pombe, nahitaji ule upande wa familia ambao mlitutangazia kwamba hauuzwi bia, halafu vijana wangu watano watakaa huku chini ya mwembe na vinywaji vyao, mimi nitakuwa nazunguka huku na huku. Nikamuuliza na hili, neno kwa neno: mbuzi wenu anachomwa mbali na kitimoto? Akasema kaka ondoa shaka, majiko mbalimbali kabisa, na mbuzi wetu anatoka machinjioni, halali. Akaniambia nitume kishika nafasi 50,000. Nikatuma. Namba ilikuja na jina la mtu binafsi sio jina la baa, nikajisemea ah, ndo mambo ya mjini.

Jumamosi saa tisa na robo tumefika. Upande wa familia kuna besdei. Maputo, keki, watu wameshakaa, na bia ziko mezani kama kawaida, upande wenyewe usiouzwa bia. Nikamtafuta meneja, ametoka. Nikapiga simu, inaita. Dada mmoja mhudumu akatuonea huruma akatuunganishia meza mbili pembeni ya spika, watu tisa wote pamoja, yaani mama mkwe wangu, mtandio wake na kitenge chake kizuri alichokitoa Tanga kwa ajili ya siku hiyo, kakaa kiti cha tatu kutoka kwenye Serengeti Lite za rafiki zake mdogo wangu. Vijana wa watu wakaanza kuziweka chini ya meza kwa aibu. Mimi mwenyewe sikugusa bia siku hiyo, mbele ya mkwe naanzia wapi, nikanywa Stoney nne mpaka koo likawaka.

Tukaagiza mbuzi kilo nne, nikasisitiza mguu. Nikaenda mwenyewe kwenye mzani maana mimi nimekulia buchani, baba mdogo alikuwa na bucha kule Kibosho na likizo zote za shule nilikuwa napima nyama. Na niwaambie kitu ambacho watu wengi hawakijui: hata pale kwetu, bucha la Wachaga wakatoliki kabisa, mchinjaji alikuwa mwislamu, mzee mmoja alikuwa anakuja alfajiri na kisu chake mwenyewe kakifunga kwenye kitambaa. Hakuna sheria iliyokuwa inamlazimisha baba mdogo. Ila alikuwa anajua nyama ya mbuzi inaliwa na watu wote, na mteja wa kiislamu akishapata wasiwasi mara moja harudi, na haji kukwambia kwanini.

Mzani wenu ule wa mshale, fundi, unaanzia gramu mia mbili. Sio utani. Sinia halina kitu, mshale umeshapita mstari wa sifuri. Nikamwambia kijana rudisha sifuri, akacheka, akasema braza huo mzani ndo ulivyo. Stika ya Wakala wa Vipimo sikuiona popote, na wale jamaa mzani wa biashara wanatakiwa wauhakiki kila mwaka. Gramu mia mbili kwa kila upimaji, fanya mnapima mara arobaini kwa wikiendi moja, hizo ni kilo nane za nyama ambazo hazijawahi kuwepo kwenye mbuzi yeyote. Nikanyamaza. Siku ya sherehe, mkwe yuko pale, unaanzaje kugombana na mzani.

Saa kumi, hamna nyama. Kumi na moja, hamna. Muziki nao umefunguliwa mpaka glasi zinatembea mezani, mama anamuinamia binti yake sikioni kila akitaka kusema kitu. Nikamwomba DJ apunguze, akaonyesha kidole kwa bosi. Maana bosi ulikuwepo, mzee wangu, usiseme hukuwepo, ulikaa meza yako ile ya kona na wenzako wanne, na nyama yenu mliagiza baada yetu, ilipita mbele yetu inatoa moshi. Mdogo wangu akaifuata kwa macho mpaka ilipofika. Nikakufuata kwa heshima zote, nikakusalimia, nikakueleza. Ukaniambia "ongea na meneja." Hukuinua hata uso. Simu ya meneja bado inaita.

Nikaenda jikoni mwenyewe.

Hapa ndo penye barua yenyewe, mengine yote ningeyasamehe. Majiko kweli ni mawili, hamkudanganya, la mbuzi huku na la kitimoto kule, hatua kama sita hivi. Lakini gogo ni moja. Liko katikati. Nimesimama pale naona kwa macho yangu jamaa anakata kitimoto ya mtu, panga linapanda linashuka, anaikusanya kwenye sahani, anaweka ndizi, anachukua kitambaa kimoja cheusi anafuta panga, anavuta nyama yangu mimi, mbuzi wa mama mkwe, anaanza kukata hapohapo juu ya mafuta ya nguruwe.

Wala mi mwenyewe sio mtakatifu, kitimoto nakula, na ya pale kwenu nimekula sana na ni tamu. Sina ugomvi na mnyama. Ugomvi wangu ni kwamba niliuliza, nikajibiwa, nikalipia jibu.

Nikamwambia jamaa, kaka hii nyama anakula mwislamu, tuliongea na meneja. Akanijibu, na akaniangalia kabisa usoni, "moto unaua kila kitu braza." Nikamwambia moto umeshaisha, hapa ni gogo. Akasema gogo sio lake, ni la mwenye kitimoto, yeye anaazima tu, lake lilipasuka. Nikamgeukia mwenye kitimoto. Akasema yeye mbuzi hauzi, niongee na mwenye jiko. Mwenye jiko yuko Mbezi. Nikamrudia dada mhudumu, akasema kaka sisi kaunta hatuingilii mambo ya jikoni, wakinisikia nitagombana nao. Na meneja alipokuja kupokea simu saa kumi na mbili kasoro alisemaje? "Jiko sio langu kaka, mi nasimamia vinywaji." Wakati Jumatano ulikuwa unasimamia mpaka machinjio!

Nimesimama katikati ya watu wanne, wote wanafanya kazi ndani ya geti moja, na hakuna hata mmoja niliyefika mikononi mwake.

Nyama ikaja mezani. Sijui ningeifanyaje, maana hata kusema ni shida, ukisema mbele za watu unamdhalilisha mama kwamba umemleta sehemu kama ile, ukinyamaza unamlisha. Nikamwangalia mke wangu, nikatikisa kichwa kidogo tu. Mke wangu akaelewa, akamwinamia mama yake. Sijui alimwambia nini. Mama akanyoosha mtandio wake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuleni wanangu, mie mbona nimeshiba, nilikunywa chai nzito." Alikunywa chai saa mbili asubuhi. Akamaliza soda yake taratibu, akawa anacheka na utani wa vijana, hata ndizi hakugusa maana zimekatwa palepale. Mke wangu hakula, shemeji hakula. Saa nne usiku nyumbani kwangu mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kwenye sherehe ya nyama alikula ugali na mayai ya kukaanga, na akashukuru.

Aliondoka Jumatatu. Hajasema neno mpaka leo. Angenisema ningepona.

Na kwa waliokula, msidhani ilikuwa afadhali. Nyama ikichomwa inapungua, najua, robo mpaka theluthi inakwenda na maji na mafuta, kwahiyo kwenye kilo nne sitegemei kilo nne, nategemea kama tatu kasoro. Kilichokuja hakikufika mbili. Na mguu niliouchagua ulikuwa umegeuka mbavu na shingo njiani kati ya mzani na moto, safari ya mita tatu. Mguu wangu kuna mtu aliula, na mi nina hisia zangu kuhusu ile meza ya kona ila sina ushahidi, bosi, nisamehe kama nakuonea.

Tuje kwenye bili.

Bili zilikuja mbili, ya kaunta na ya jiko, kwenye vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari la shule. Jiko 84,000, nyama na ndizi. Kaunta bia 19, soda 7, maji makubwa 2, jumla 57,500. Sasa mdogo wangu nilimfundisha zamani, visoda anaweka mfukoni. Akavimwaga mezani. Kumi na nne. Nikavihesabu mara mbili, wakavihesabu na wenzake, kumi na nne. Bia tano za 2,500 zimetoka wapi, 12,500 hiyo. Nikamwita yule dada, na hapa nilikuwa nimeshapandisha, nimekaa na hasira ya gogo masaa mawili, nikamsemesha vibaya, nakiri. Akaangalia vile visoda, hakubisha hata. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, kaunta wameandika 19 kwangu. Zikipungua nakatwa mimi."

Nikalipa.

Ila nilirudi siku ya tatu mchana nikamtafuta nikamwomba msamaha, na ndo akanieleza mambo yenu yanavyokwenda. Kwamba asubuhi anaandikiwa bia kama vile kauziwa yeye. Kwamba mteja akikimbia na bili analipa yeye. Chupa ikivunjika, yeye. Kreti likipungua chupa tupu, wanagawana wahudumu wote wa zamu. Kwamba wiki ile kabla ya sisi kuja kuna watu sita walitoroka na bili siku ya mechi ya Simba na Yanga, walitoka mmojammoja kama wanakwenda kupokea simu, na deni lile linalipwa kidogokidogo na wahudumu kutoka kwenye vijimshahara vyao. Sikumuuliza moja kwa moja kama zile bia tano zilikuwa za kina nani. Alinieleza tu habari ya wale sita, akanyamaza, nikaelewa.

Kwahiyo bosi, ukisikia wateja wanalalamika kwamba wahudumu wako wanabambika bili, usikimbilie kumfukuza mtu. Huo wizi umeupanga wewe mwenyewe kwenye daftari la kaunta. Dada akiwa na deni la watu aliowahudumia jana atalipata kwa watu anaowahudumia leo, atalitoa wapi kwingine. Na yule dada wa Singida nimeulizia, nikaambiwa aliondoka kwa mambo hayohayo, alikatwa miezi miwili mfululizo. Mtu aliyekuwa anajua vinywaji vya mtaa mzima kichwani! Mlimpoteza kwa ajili ya chupa.

Risiti sijapewa. Niliomba ya mashine, nikaambiwa mashine haina mtandao. Hiyo mashine kila nikiuliza haina mtandao, ila tivii ya mpira inao, na wanaouza kwa lipa namba wanao. Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, TRA, watu wa kodi, wametuimbia mpaka watoto wa chekechea wanajua, na sheria inatubana wote wawili muuzaji na mnunuzi, kwahiyo mnaniingiza na mimi kwenye makosa yenu. Na nikilipa kwa simu msinipe namba ya mtu, nipeni namba ya baa. Maana ile 50,000 yangu si iliingia kwenye namba ya mtu, jioni hakuna bili iliyoitambua. Jiko wanasema hela ilikwenda kaunta, kaunta wanasema hawajaiona. Nikalipa zote mbili kamili, 141,500, na kishika nafasi kiko juu yake. Kesho yake meneja akanirudishia 30,000. Nikamuuliza 20,000 iko wapi. Akasema hiyo ni ya kushikilia meza.

Meza gani kaka? Ile yenye maputo?

Choo sitaki kukiongelea sana, wanaokijua wanakijua. Mlango wa upande wa kina mama hauna komeo, mke wangu alisimama nje kumlindia mama yake kama askari. Komeo ni la shilingi elfu chache pale Mwenge. Basi.

Na meneja ulinigusia siku ile unanirudishia hela, kwa furaha kabisa, kwamba mnaongeza skrini na viti maana AFCON 2027 inakuja, Tanzania, Kenya na Uganda, wageni watajaa. Ni kweli watajaa. Mimi nafikiria tu msenegali au mmisri kapotea kutoka hotelini kwake kaingia pale kwenu kuangalia mechi, anauliza kwa ishara mbuzi wenu yukoje, na wewe unamwambia ondoa shaka. Nunueni gogo kwanza. Gogo la mti mgumu sijui ni bei gani siku hizi lakini haliwezi kufika bei ya skrini, na panga la pili, na kitambaa cha pili, kila upande na vyake, visivukane. Skrini itasubiri.

Halafu wekeni mtu mmoja. Mmoja tu, awe na fulana yenye rangi tofauti, asimame pale ndani jioni, ambaye mimi nikimwambia nyama imechelewa anaweza kwenda jikoni na wakamsikiliza, nikimwambia bili ina bia tano za mizimu anaweza kuifuta bila dada wa watu kukatwa, nikimwambia muziki, anapunguza. Mpangishe majiko hata kumi, mgawane kodi mnavyojua, hiyo ni ndani kwenu. Ila huyo mtu asiwe na haki ya kuniambia "hiyo sio yangu." Nilivyompendekezea meneja wazo hili akaniuliza sasa huyo mshahara wake atalipa nani, kaunta au jiko. Nilicheka sana, nikajua nimefika.

Na bili iwe moja, iandikwe mezani bia inavyokuja, visoda virudi kwenye kisosi. Hiyo haina gharama yoyote, mlikuwa nayo mkaitupa.

Kuna watakaosema si uhame tu, baa zimejaa Sinza yote kutoka Mori mpaka Afrika Sana. Nimejaribu bana. Nimekaa baa mbili tatu hapa karibuni, bia ni ileile, lakini pale ndo nilipokaa na marehemu baba alipokuja mara ya mwisho mjini, chini ya mwembe uleule, akala mtori asubuhi akasema wapishi wenu wanaujua. Mtori ule nao siku hizi mmempangisha mtu?

Jumamosi hii nitapita kuanzia saa kumi. Nitakuja peke yangu, mkwe simleti, na mke wangu kasema yeye hatii mguu pale mpaka nimletee picha ya gogo. Visoda kumi na vinne ninavyo kwenye kikombe juu ya friji. Bosi nitakufuata palepale kwenye kona, nitakupa shikamoo yako kama kawaida. Naomba safari hii uinue uso.